Mtani Wangu wa Chumba cha Mahututi

Kariakoo hapa hakuna mlango ulionishinda. Nilianza kwa kutembeza mikanda begani, jua la Bongo likinipiga utosini, na leo nina fremu tatu za maduka ya vitenge, wateja wangu wanatoka Tunduma mpaka Lubumbashi. Darasa la saba nililimaliza kwa mbinde, na kalamu nimeizoea ukubwani, kwa kuandika majina ya watu kwenye viroba vya mizigo. Lakini mdomo Mungu alinipa. Ofisi gani sijaingia? Benki walikokuwa wananiangalia viatu kabla ya uso, siku hizi meneja anatoka mwenyewe kunipokea. Kwa hiyo siku mama yangu alipolazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, ICU kama tunavyosema mjini, na nikaambiwa haingii mtu, nilitabasamu, nikaweka kofia yangu sawa, nikasema moyoni: hawa hawajanijua.

Mlango wenyewe ni wa kioo. Mbele yake kuna mstari mwekundu umepakwa sakafuni. Nilikuwa nimeshauvuka kwa mguu mmoja pale aliponisimamisha mwanamke mfupi, mnene kiasi, kavaa nguo za bluu na ndala nyeupe za plastiki.

"Baba, huo mguu wa nani?"

"Wangu, sista."

"Urudishe."

Nikaurudisha. Watu niliowahi kuwarudisha mimi ni wengi, wakiwemo madalali wakubwa wa mjini, lakini mimi kurudishwa, ilikuwa mara ya kwanza.

Mama alikuwa ameugua nimonia. Tunaishi naye Ilala, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, na siku hiyo alianza kuhema kama mtu aliyepanda ngazi, wakati alikuwa ameketi tu anachambua mchele. Kufika hospitali moja hapa mjini, sitaitaja, madaktari wakasema mapafu yamechoka, asaidiwe na mashine. Wakampitisha mpira mdomoni hadi kooni, wakamlaza usingizi wa dawa. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini. Kila mtu alijua maana ya maneno hayo, ila hakuna aliyethubutu kuisema.

Nyuma yangu pale mlangoni walikuwa dada yangu mkubwa anayekaa Magomeni, mashangazi, wajomba na majirani, watu kama kumi na moja, na mahotipoti matano. Yule nesi akatuangalia wote, akashusha pumzi.

"Nyie kwenu wapi?"

"Kisarawe," nikamjibu kwa kujivuna. "Mzaramo halisi, si wa kuchanganya."

Uso wake ukabadilika palepale. "Ahaa! Ndiyo maana umekuja na kijiji kizima. Ulisikia hapa kuna ngoma?"

"Na wewe mwenzangu wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi wa kuzaliwa."

Basi nikapumua. Mtani! Wazaramo na Wanyamwezi tunataniana tangu enzi za mababu. Nikajua sasa mambo yamenyooka, kwa sababu kwa mtani wako hakuna mlango. "Wewe mla michembe, viazi vya kukaushwa juani, ndiyo wa kunizuia mimi nisimwone mama yangu? Babu zenu walifika pwani hii wamebeba mizigo ya watu, ndimi zinaning'inia, sisi ndio tuliowapa maji ya kunywa!"

"Mliwapa mkiwa mmekaa kibarazani," akasema. "Na mpaka leo mmekaa. Haya, vaa gauni hili, nawa mpaka kwenye viwiko, ingia peke yako, dakika kumi. Hiyo ngoma yako ya Kisarawe ibaki nje, na mihogo yake."

Dada yangu akacheka mpaka akajishika ukuta. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu tumlete mama, kwa hiyo sikukasirika.

Ndani nilikuta vitanda vitatu. Mama alikuwa kwenye cha kwanza. Nilimtambua kwa hina ya vidole tu, maana uso ulikuwa umefungwa plasta kushikilia mpira. Pembeni kuna mashine inapanda na kushuka, na skrini zenye namba, na milio. Mimi nimezoea kelele, ninafanya kazi mahali ambapo mtu anatangaza bei za soksi kwa spika masikioni mwangu kuanzia asubuhi, lakini milio ile ilinitoa jasho.

"Sista, hii inalia!"

Hakugeuka hata kichwa. Alikuwa kitanda cha tatu, anambadilishia mtu dripu. "Hiyo inalalamika tu. Ikilia ya kweli utaniona nakimbia."

Hapo alinigusa. Mimi nikifumba macho, unipe vitenge kumi, nitakwambia kwa vidole kipi ni cha nta ya kweli na kipi kitapauka ukikifua mara mbili. Hilo hakunifundisha mwalimu. Sasa huyu mwanamke alikuwa na masikio ya namna hiyo. Vitanda vitatu, kila kimoja na milio yake, na yeye ni mmoja, mwenzake aliyepaswa kuwa naye zamu hiyo alikuwa anahangaika huku na huko, mara maabara, mara duka la dawa, mara kusukuma kitanda cha mgonjwa kwenda kupigwa picha.

Siku ya tatu nilimletea doti mbili za kitenge, mali safi, rangi ya dhahabu na buluu. Niliamini kabisa kwamba mwanamke anayekikataa kile kitenge bado hajazaliwa.

"Kizuri," akasema, akakirudisha mikononi mwangu. "Mpelekee mkeo. Ukitaka kunipa zawadi, niletee Mzaramo mmoja anayejua kazi anishikie zamu nusu saa, nikanywe chai nimekaa."

"Mzaramo anayejua kazi ndiye mimi hapa."

"Wewe unajua kuuza. Hapa hatuuzi."

Siku ya sita, mama akaamka. Wakamtoa mpira, wakamwekea kinyago cha oksijeni. Mimi nilipoingia adhuhuri alinitazama, na chozi moja likamtoka likaenda sikioni. Sauti ilikuwa imekwaruzika kama redio ya betri iliyokwisha. Yule mtani wangu akaja akasimama katikati yetu, mikono kiunoni.

"Nisikilize, Mzaramo. Koo la bibi limelala na mpira siku zote hizi, limesahau. Halijui ipi njia ya chakula na ipi njia ya hewa. Asipewe kitu mdomoni mpaka mimi mwenyewe nimjaribu kumeza kesho asubuhi. Hata tone. Ukimpa, nakufunga kamba kwenye mguu wa kitanda hiki, halafu nakutembeza kwa miguu mpaka Tabora, na mzigo kichwani."

Nikacheka sana. Nikamwambia mzigo huo naujua, utakuwa umejaa michembe.

Hapo ndipo nilipokosea, na asiyekuwa na watani hawezi kuelewa nilikosea vipi. Kwetu sisi, mtani akikutisha ndiyo amekupenda. Akikwambia nitakuzika ungali hai, unamkaribisha chakula. Mtani wangu mmoja pale sokoni, Msukuma, ameniahidi kifo mara nyingi kuliko asubuhi alizonisalimia. Kwa hiyo agizo la yule nesi, kamba, Tabora, mzigo na tone la maji, vyote nilivibeba pamoja nikavitia kwenye fungu la mizaha. Angelikuwa mtu wa kabila lisilo na utani nasi, aniambie kwa ukali wa kawaida, ningelitii.

Alipoondoka, mama akanivuta mkono. "Mwanangu."

"Naam, mama."

"Dafu."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la pili baada ya siku sita. Sasa nambie, wewe mwenye elimu: mama yako aliyekubeba, aliyeuza vitumbua ukasoma mpaka hilo la saba, anakuomba dafu, midomo imempasuka kwa kiu. Utamwambia subiri Mnyamwezi?

Nilitoka nikampata muuza madafu na baiskeli yake pale barabarani. Nikachagua mwenyewe, maana wale ukiwaachia watakupa la juzi. Nikamimina kwenye chupa ndogo, nikaitia kwenye mfuko wa kanzu. Saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, nikavaa gauni lao juu ya kanzu, nikanawa mpaka kwenye viwiko kama mtu mwema, nikaingia.

Mtani wangu alikuwa kitanda cha pili, amevuta pazia, anamfunga mgonjwa kidonda. Nikamtoa mama kinyago kidogo. Funda la kwanza likapita. Mama akafumba macho kwa raha, na mimi nikajiona mtoto wa maana kuliko wote Dar es Salaam. Funda la pili halikupita. Akakohoa kikohozi kidogo, dhaifu, cha mtu asiye na nguvu za kukohoa, kisha macho yakamtoka. Midomo ikaanza kuwa rangi ya majivu. Na mashine ikalia.

Nilimwona anakimbia.

Hakuuliza. Aliinua kitanda upande wa kichwani, mama akakaa wima, akashika mpira mwembamba wa mashine ya kunyonya makohozi, mkono mwingine ukafungua oksijeni mpaka mwisho.

"Umempa nini?"

"Sijampa ki..."

Chupa ilikuwa imeniponyoka. Ilibingirika mpaka kwenye ndala yake, dafu likimwagika.

"Nini, na kiasi gani? Haraka!"

"Dafu. Mafunda mawili."

Nilimtazama usoni nikitafuta utani hata chembe, sikuuona. Wakati huohuo mashine ya kitanda cha pili nayo ikaanza, na safari hii hata mimi nilijua kwamba hailalamiki. Kidonda alikuwa amekiacha wazi nusu. Hakuweza kumwacha mama. Akaita jina la mwenzake kwa sauti ambayo hata Kariakoo tungegeuka, na yule mwenzake akaja mbio kutoka kwenye kachumba kao, kipande cha chapati bado kiko mdomoni. Mimi nikatolewa nje na mtu wa usafi.

Daktari alikuja, akakaa ndani muda mrefu. Alipotoka nilimsikia anauliza mlangoni: "Nani alikuwa na bibi huyu?"

"Mimi, daktari," akasema mtani wangu.

"Alipataje kitu mdomoni?"

Sista alikuwa amenipa mgongo. Angeweza kuninyooshea kidole, mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Hakuninyooshea. Daktari akamwambia aandike maelezo, na asubuhi ayafikishe kwa mkubwa wake.

Mimi nimewahi kuuza vitenge vilivyolowana na mvua nikamshawishi mtu kuwa ndiyo mtindo mpya. Sauti haijawahi kunikauka. Siku ile ilinikauka. Nilisimama nikasema, "Daktari, ni mimi. Sista alinikataza, nikadhani utani."

Daktari akanitazama kama ninazungumza lugha ya nchi nyingine. Kisha akaniambia taratibu: ikiwa pumzi yake haitatulia mpaka kesho, itabidi mpira urudi kooni. Na kwa umri wa mama, mpira wa mara ya pili huenda usitoke tena.

Nikakaa kwenye benchi la nje. Dada yangu alipofika na kusikia, hakulia. Alivua viatu, akakaa, akasema, "Sokoni wanakuita bosi. Bosi ameshindwa na dafu."

"Dada, aliniomba mwenyewe."

"Utotoni ulikuwa unamwomba kisu uchezee, alikupa?"

Kwenye benchi lile nilikaa mpaka saa kumi na mbili, na nikaona kazi ya watu. Mgonjwa wa kitanda cha tatu alifariki. Mtani wangu alivuta pazia, akakaa naye huko kitambo. Alipotoka aliwaita watoto wa marehemu, wanaume wawili wazima, akawaambia kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Yule mdogo akalipuka. "Mmemuua baba yetu! Mlikuwa mnakimbilia kwa wengine, mmemwacha!" Akamwita majina ambayo mimi siwezi kuyaandika hapa. Yeye alisimama tu. "Poleni, baba," akasema. "Poleni sana." Kaka yake ndiye aliyemshika mdogo wake akamtoa.

Akaenda kwenye bomba la pale nje, akanawa, akakinga maji kwa kiganja, akanywa. Miguu yake ilikuwa imevimba, alama za ndala zimeingia nyamani. Akaniona.

"Mzaramo, bado umekaa tu?"

Nusura nilie, mimi, mbele za watu. Nilijua hapo kwamba mama hajafa na mimi sijatupwa.

"Sista, anakutukana vile na wewe unanyamaza?"

"Yeye kafiwa, ana haki. Wewe ndiye uliyenitukana, tena kwa dafu." Akajifuta mikono kwenye nguo. "Mwanangu ana homa tangu jana, nimemwachia jirani Mbagala. Nilitaka kumpigia simu saa kumi nimuulize amekula. Saa kumi ukaniletea sherehe yako."

Nikamwomba radhi, bila michembe, bila babu zake. Akaniambia radhi itakaa vizuri zaidi nikiwa mlangoni nawazuia ndugu zangu, kwa sababu kila akienda kubishana na shangazi mmoja juu ya uji, kuna mgonjwa anasubiri kugeuzwa.

Saa moja wenzake wa zamu nyingine wakaja kupokea. Kumbe wana desturi, wanapita kitanda kwa kitanda, anayetoka anamsimulia anayeingia kila kitu, hawaachi hata tone la mkojo. Kupitia kioo nikasikia: "Kitanda cha kwanza, bibi, ametolewa mpira leo asubuhi. Saa kumi mwanawe alimnywesha dafu." Wakageuka wote kunitazama. Asubuhi yake, walipokabidhiana tena, ikasimuliwa tena. Jioni tena. Mpaka siku ya pili mtu wa usafi, mfamasia na yule kijana wa maabara, wote walikuwa wananiita Baba Dafu. "Shikamoo, Baba Dafu!" Ningefanyaje? Nikawa naitika: "Marahaba."

Pumzi ya mama ilitulia alfajiri ile. Mpira haukurudi. Lakini kujaribu kumeza kukasogezwa mbele siku mbili, mapafu yapate nafasi. Siku mbili hizo nilikuwa bawabu, na nasema bila kujisifu, hospitali ile haijawahi kupata bawabu kama mimi. Nilisimama kwenye mstari mwekundu nikapiga debe. "Mmoja mmoja, jamani! Nawa mpaka viwiko! Uji unabaki hapa, mama, uji hapana! Maji ya dua myasomee mkiwa huku nje, Mungu anasikia hata kupitia kioo!" Sikuwalinda wa kwetu tu. Jamaa wa kitanda cha pili walinijia na supu ya kuku ndani ya chupa ya chai, nikaitambua kwa jinsi mama mmoja alivyokuwa anatembea, maana mwendo ule ulikuwa wangu wa juzi. Mtani wangu alipita akasema, "Kumbe Mzaramo akisimama ana faida." Na siku hiyo alikunywa chai yake amekaa. Nilimhesabia mwenyewe, dakika kumi na mbili.

Shida ilikuwa mama. Alininunia. Kila nikiingia: "Maji." Nikimwambia bado, anageuza uso ukutani. Akiingia dada anamshika mkono, wananong'ona. Dada akatoka akaniambia, "Anauliza kama yule mtoto wa Kariakoo ni wa kwake kweli, au alibadilishiwa wodini."

Siku ya tatu tangu lile dafu, asubuhi, mtani wangu akaja na kikombe cha maji na kijiko kidogo cha chai. Akaniita ndani. Akainua kitanda cha mama upande wa kichwani, akamwekea vidole viwili kooni, taratibu, kama mtu anayesikiliza mlango.

"Bibi, mwangaluka," akamwamkia Kinyamwezi.

Mama, mgonjwa vile, akainua jicho. "Mwangaluka mwenyewe. Leo mmeacha kubeba mizigo?"

"Tumeacha, tunabeba Wazaramo. Nakupa kijiko, usikimbilie. Kiweke mdomoni, funga, meza mara moja. Halafu niambie jina la kijiji chenu."

Nusu kijiko. Koo likapanda, likashuka. Mimi nilikuwa naangalia namba za skrini kama vile ninajua kuzisoma. Hakukohoa. Akataja kijiji, sauti kavu, haina maji ndani yake. Nesi akasubiri. Akampa cha pili, kizima, akasubiri tena. Kisha akanipa mimi kijiko.

"Mpe wewe kimoja. Kimoja, Mzaramo. Na safari hii sitanii."

"Najua."

Nusu nikamwagia kidevuni. Mama akakimeza kilichobaki, akalamba midomo.

"Hiki kijiko kidogo," akasema. "Kinyamwezi hiki."

Mtani wangu akaanza kucheka, na hajamaliza, kitanda cha pili kikalia, mlio ule wa kweli. Akawa ameshaondoka, ndala zinapiga sakafu, pazia likavutwa nyuma yake.

Tukabaki mimi na mama. Kikombe kilikuwa bado kimejaa, kiko juu ya kimeza, mkono wangu unakifikia. Mama akakitazama. Akanitazama. Akafungua mdomo kama kinda la ndege.

"Bado, mama."

"Mwanangu."

"Bado. Tumsubiri arudi."

Aliufunga mdomo. Akanisonya msonyo mrefu, wenye nguvu, msonyo wa mtu mwenye mapafu.

"Umekuwa Mnyamwezi lini wewe?"